Sihaba na Siku ya Mlinganisho

Sihaba aliamka akiwa na umri wa miaka saba, akajua yuko kwa Mama Mkubwa.

Hakuhitaji kufumbua macho. Aliupapasa mwili wake chini ya shuka, akakuta miguu imeishia katikati ya kitanda, jino la mbele linacheza, na mkono umepotea ndani ya mkono wa gauni alilolala nalo. Jana, alipoingia nyumba hii, gauni lile lilimtosha. Ndivyo mambo yalivyokuwa katika mji ule ambao hakuna aliyejua jina lake: mtu hakuwa na umri wake mwenyewe. Umri wake ulikaa machoni mwa anayemtazama. Muuza mkaa aliyependwa na mkewe kama zamani alitoka nyumbani na kifua cha ujana, lakini akikutana na wanawe waliomchoka, mgongo ulipinda palepale na mvi zikamwota. Watu walishazoea. Walishona nguo zenye mapindo mengi, wakavaa viatu vya kamba vinavyolegezwa na kukazwa, wakaendelea na maisha. Ni Sihaba tu aliyekuwa hajazoea. Swali lilimkaa kooni tangu alipoanza kufikiri: wote hawa wakifumba macho, mimi nitabaki nani?

Mlango ulifunguliwa, kisha ukafungwa tena kwa ufunguo kutoka ndani. Mama Mkubwa Mashavu, dada mkubwa wa marehemu mama yake, aliingia na bakuli la uji.

“Shikamoo, Mama Mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Usishuke, sakafu ina baridi.”

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akachota uji, akaupuliza, akamlisha. Sihaba alipokea. Uji ulikuwa mtamu, una iliki, na aliyeupika aliamka mapema kwa ajili yake. Hilo ndilo lililomtesa. Laiti uji ungekuwa mchungu, yote yangekuwa rahisi.

Vidole vya Mama Mkubwa vilivyoshika kijiko havikuwa na kucha. Sihaba alijua kisa chake, kwa maana alikuwa ndani yake. Wazazi wake wote wawili walikuwa waashi wa ukuta wa mji, ukuta uliozunguka kila upande ili hatari isiingie, na mchana mmoja ukuta ule ulioogopwa na maadui ambao hakuna aliyewahi kuwaona uliporomoka kwa ndani, ukaiangukia nyumba yao. Majirani walisema hakuna aliyepona. Mama Mkubwa hakuwasikiliza. Alichimba kwa mikono mitupu, akang’oa mawe, akang’oa na kucha zake, mpaka akafika kwa mtoto mdogo aliyekuwa akipumua vumbi. Kucha hazikuota tena. Naye tangu siku ile aliogopa kila kilichosimama, kwa kuwa kinaweza kuanguka, na kila kinachotembea, kwa kuwa kinaweza kwenda kisirudi. Alitia komeo kwenye mlango, kisha kitasa juu ya komeo, kisha mbao madirishani, na mtoto akamtia katikati ya yote hayo. Je, huo si upendo? Ni upendo. Sihaba hakuwahi kuwa na shaka. Lakini mtoto aliyetolewa chini ya mawe akiwa hai aliwekwa mahali ambapo hewa nayo iliomba ruhusa ya kuingia, na wakati mwingine, akiwa amelala hapo, alishindwa kutambua kama alikwisha kutolewa kwenye kifusi au bado.

“Leo ndiyo Siku ya Mlinganisho,” Mama Mkubwa alisema. “Unajua utakachosema barazani?”

“Najua.”

“Nisemee na mimi nisikie.”

“Nitasema hukohuko, Mama Mkubwa.”

Kijiko kikasimama hewani. Mji ule ulikuwa na riwaya moja kongwe, iliyosomwa na kila mtoto. Ilikuwa hadithi ya yatima aliyelelewa na walezi wawili, Bi Sitara na Bwana Upeo. Bi Sitara alimfungia ndani, Bwana Upeo akamfungulia njia. Kila mtu aliyelelewa na watu wawili alipaswa siku moja kusimama mbele ya Baraza, awalinganishe wale wa kitabuni, kisha amtaje yule aliyemlea yeye kwa kweli. Aliyetajwa alivishwa joho. Asiyetajwa alitolewa nje ya lango, na jina lake halikutamkwa tena. Kwa miaka na miaka jibu lilikuwa moja: Bi Sitara ni mlezi, Bwana Upeo si mlezi. Kwa hiyo mji ukabaki na watu wa kufunga, na watu wa kufungua wakazidi kupungua. Mtawala wa mji, aliyeshika funguo za lango, hakuitwa mfalme wala mkuu. Aliitwa Mlezi.

“Naomba unifungulie,” Sihaba alisema. “Nataka kutangulia.”

“Mtoto wa miaka saba hatangulii.”

“Basi geuka, utazame ukutani.”

Mama Mkubwa alimtazama kwa muda mrefu, kisha akageuka. Sihaba akasubiri mwili urefuke, usirefuke. Mama Mkubwa aligeuza uso tu; moyoni bado alimwona mtoto yule wa vumbi. Sihaba akaelewa kwamba hapo hakuna wa kungojewa. Akateremka sakafuni penye baridi, akachomoa ufunguo taratibu kwenye mshipi wa mama yake mkubwa, akaburuta kigoda hadi mlangoni, akapanda juu yake, akakizungusha kitasa kwa mikono yote miwili. Mama Mkubwa alisikia yote. Hakugeuka kumzuia.

“Utakuja barazani?” Sihaba aliuliza kutoka kizingitini.

“Sijatoka nje tangu nikulete hapa. Unajua.”

“Najua. Nauliza utakuja?”

Akauacha mlango wazi, akaenda zake, gauni likiburuzika.

Njiani hapakuwa na watu, na fikra zilimjia vipandevipande, kama mtu anayeokota vigae. Nani alinilea. Aliyenishika. Aliyeniachia. Mkono uliofunga. Mkono uliofungua, halafu ukaenda zake. Mimi ni mzigo? Mzigo hubebwa ama hutuliwa, hauulizwi. Nani aliniuliza. Hakuna. Hapana, mmoja aliniuliza, lakini hakungoja jibu.

Nyumba ya Mjomba Mbwana ilikuwa kwenye uwanda mtupu kandokando ya ukuta. Haikuwa na mlango. Hata fremu aliing’oa. Sihaba alipomwona kwa mbali tu, akiwa amechuchumaa anafunga mkoba, magoti yakaanza kumuuma. Kila hatua ilimwongezea miaka. Alipofika alikuwa bibi kizee, ngozi ya mikono imelegea, nywele nyeupe, pumzi fupi.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba. Mbona miguu peku?”

“Nilitoka nikiwa mdogo. Viatu vilinipwaya.”

Mbwana alicheka kidogo. Alikuwa mdogo wake Mashavu, tumbo moja, na watoto wale wawili wa mama mmoja walimgawana Sihaba tangu maafa ya ukuta, mwezi huku, mwezi huku. Mjomba hakumtazama kamwe kama mtoto. Siku ya kwanza kabisa alipopewa alimketisha mbele yake akamuuliza, “Wewe waonaje, maisha haya yana maana?” Alimfundisha kusoma ile riwaya kongwe. Alimpandisha juu ya ukuta, akamwonyesha nchi ya nje, nyasi zilizokwenda mpaka macho yachoke, na Sihaba akafurahi furaha ambayo hajapata kuionja tena. Kisha Mjomba akateremka, akaondoka, akamwacha kulekule juu. Hakumsahau. Aliamini atajua njia ya kushuka. Akaijua, baada ya kulia mpaka sauti ikakauka. Mwaka mwingine aliposhikwa na homa, Mjomba alimwekea kata ya maji kichwani pa kitanda, akamwambia, “Mwili ni wako, utausikiliza,” akasafiri mitaa ya mbali. Sihaba aliusikiliza mwili wake ukimwambia kwamba unakufa. Alipopona alikuwa mzee, na tangu hapo machoni mwa Mjomba alibaki mzee. Uhuru aliopewa ulikuwa wa kweli, hakuna aliyemdanganya. Ila ulikuwa uhuru wa kitu kilichodondoka mkononi: huru kabisa, mpaka chini.

“Unakwenda wapi na mkoba huo?”

“Nje. Kabla Baraza halijakaa.” Alikaza kamba. “Nikishaondoka mwenyewe hutalazimika kuchagua. Utamtaja dada yangu, atavishwa joho lake, yataisha. Yeye hawezi kuishi nje ya lango, Sihaba. Hata nje ya mlango hawezi. Mimi nimezoea kwenda.”

“Umeniuliza mimi?”

“Nini?”

“Umekata shauri kwa niaba yangu. Hata wewe. Tofauti yako na Mama Mkubwa iko wapi?”

Mbwana aliacha kamba. Sihaba alivuta pumzi kwa shida, akaketi chini kwa sababu uzee ulimlemea, lakini sauti yake haikuwa ya kizee.

“Maisha yangu yote, mambo yakiwa mazito, wewe unaondoka na kuita kuondoka kwako heshima. Leo nakuomba kitu ambacho sijawahi kukuomba. Usiondoke. Njoo barazani ukae.”

“Nikakae nifanye nini?”

“Ukae tu. Hicho ndicho hujawahi kukifanya.”

Mbwana alitazama nje kupitia ile nafasi iliyopaswa kuwa na mlango, akatazama mkoba. “Sijui kama naweza,” alisema, na Sihaba alimwamini, kwa kuwa Mjomba hakuwa mtu wa uongo. Akainuka, akatangulia. Hakugeuka kuangalia kama anafuatwa. Miguu ilikuwa inauma, na alikwisha kuazimia kwamba leo atafika hata kwa kutambaa.

Ukumbi wa Baraza ulikuwa mrefu, na mabenchi yake yalikuwa ya kawaida, lakini watu walioketi juu yake miguu yao haikugusa sakafu. Ilining’inia. Waashi, wakunga, walimu, wazee wa mitaa, wote walikuwa watoto wadogo waliovaa nguo za watu wazima, kwa kuwa mbele yao, juu ya kiti kilichoinuliwa, alikaa Mlezi wa Mji akiwatazama. Hakuwa na uso mkali. Alikuwa na uso wa mtu anayekufunika shuka. Ndiyo maana hakuna aliyemchukia, na ndiyo maana hakuna aliyekua.

Sihaba alipopita mlangoni alihisi mwili ukisinyaa kwa kasi, uzee ukapita, utu uzima ukapita asiuone, akawa tena wa miaka saba, kisha sita, kisha mitano. Akakanyaga gauni lake mwenyewe. Karibu aanguke. Akakunja pindo, akalishika, akaendelea mpaka katikati.

“Karibu, mtoto,” Mlezi alisema. “Walinganishe.”

Sihaba aliitazama ile riwaya kongwe iliyowekwa juu ya meza mbele yake. Aliijua kwa moyo.

“Bi Sitara alimpenda yatima,” alianza, na sauti ikatoka nyembamba, ya kitoto. “Mvua iliponyesha alimfunika, njaa ilipokuja alimpa sahani yake. Sura ya mwisho, mto ulipofurika, alifunga mlango na yatima akapona. Kwa ajili ya mlango huo tunafundishwa kwamba yeye ndiye mlezi.”

“Vema,” Mlezi alisema.

“Lakini nimekisoma kitabu hiki mara nyingi. Kabla ya mlango kufungwa, yatima anasema katika kila ukurasa. Anauliza, anakataa, anatania, anaimba. Baada ya mlango kufungwa hasemi neno. Hata moja, mpaka kitabu kinaisha. Watu wanamzungumzia, wanamshukuru Mungu kwa ajili yake, wanamwoza mume. Yeye hasemi. Tumefundishwa kwamba alipona. Mimi nauliza, aliyepona ni nani?”

Miguu ilitikisika kwenye mabenchi. Mtu mmoja alikohoa.

“Na Bwana Upeo,” Sihaba aliendelea, “nilitamani awe ndiye. Alimwonyesha mto na njia ya kuvukia. Maneno yake ni mazuri kuliko ya mtu yeyote kitabuni. Ila kila anaposema, anasema akiwa ameshaanza kwenda. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba aligeuka nyuma. Mto ulipofurika, alikuwa mbali anamfundisha mtu mwingine habari za mito. Bi Sitara alimtazama mtoto asimsikie. Bwana Upeo alimsikia asimtazame. Wote wawili walimpenda. Kila mmoja alimpa nusu akadhani ni mtoto mzima.”

Hapo ndipo mlango wa ukumbi ulipofunguliwa. Mama Mkubwa Mashavu alisimama kizingitini, macho ameyakaza kwa mwangaza, mkono mmoja umeshikilia fremu kana kwamba dunia ni mteremko. Nyuma yake, Mjomba Mbwana, mikono mitupu. Wakaingia pamoja. Bila shaka ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya kifusi dada na kaka wale kuwa chumba kimoja, na mara ya kwanza kabisa kumtazama Sihaba kwa wakati mmoja.

Mwili wake haukujua umtii nani. Macho ya dada yakamvuta chini, macho ya kaka yakamvuta juu, na ya Mlezi yakambana. Maumivu yakapita kwenye mifupa, akauma meno. Hakuchagua jicho lolote. Akaangalia mikono yake mwenyewe, akaendelea kuiangalia, kwa ukaidi, hadi ilipoacha kubadilika. Ilikuwa mikono ya mwanamke aliyekomaa, yenye kovu la moto asilolijua na kucha nzima. Gauni likamkaa sawasawa. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, na ile miaka yote alikuwa ameiishi bila kuiona.

“Mtaje,” Mlezi alisema. Upole ulikuwa umempungua.

“Simtaji mmoja nimwondoe mwingine. Huyu alinitoa chini ya mawe. Huyu alinionyesha kwamba mawe yana upande wa pili. Wote walinikosea, na nitawaambia hayo nyumbani, si hapa. Na nikiulizwa kwa nini Baraza linataka tumtaje mmoja, na kwa nini kila mara ni yule anayefunga, nadhani sisi sote tunajua anayefaidika ni nani.”

“Asiye na mlezi si wa mtu,” Mlezi alisema. “Lango litafunguliwa mara moja, utatoka, litafungwa. Mlinzi hataruhusiwa kulishika libaki wazi kwa yeyote.”

“Sawa.”

Sihaba alipogeuka, Mama Mkubwa alikuwa amekwisha kufungua mshipi wake. Aliuweka sakafuni pamoja na funguo zote, na mlio wake ulisikika ukumbi mzima.

“Mashavu, keti,” Mlezi alisema. “Wewe ndiwe tunayetaka kukuvisha joho.”

“Mvike mwingine, baba,” Mama Mkubwa alijibu. Midomo ilikuwa imemkauka kwa woga. “Nilimchimbua huyu. Sikumchimbua ili nimwangalie akitoka peke yake.”

Walinzi wakasogea kuufunga mlango ili Mama Mkubwa asitoke. Mjomba Mbwana akawatangulia. Sihaba alidhani anakuja nao. Alikuwa mtu wa nje tangu azaliwe, na njia hiyo aliiota miaka yote. Badala yake aliketi palepale kizingitini, akaegemeza mgongo kwenye ubao mmoja wa fremu na nyayo kwenye mwingine, mlango ukawa haufungiki.

“Ondoka hapo,” Mlezi alisema, akamkazia macho.

Mbwana akaanza kusinyaa. Ndevu zikapotea, mabega yakapungua, akawa kijana, akawa mtoto, na nyayo zake zikakaribia kuuachia ubao. Akateleza, akajivuta, akajinyoosha mpaka ncha za vidole zikashika.

“Sitaondoka,” alisema kwa sauti ya kitoto. “Leo nakaa. Sihaba, pita na dada yangu. Na lango litakapofungwa, mwambie asinililie. Mtu lazima abaki ndani wa kuwauliza hawa maswali.”

“Mjomba, hii ni mara ya kwanza unanitazama nikienda.”

“Ndiyo. Nakutazama.”

Wakamruka. Nyuma yao, kwenye benchi la mbele, mkunga mmoja alinyoosha mguu wake chini, na soli ya kiatu chake ikagusa sakafu.

Nje ya lango nyasi zilikuwa ndefu, na hapakuwa na njia. Walitembea mpaka ukuta ukawa mstari nyuma yao. Kisha Mama Mkubwa akasimama, akaketi juu ya kijiwe bila kusema neno. Sihaba alipochuchumaa aliziona nyayo zake: laini, nyeupe, kama za mtoto aliyezaliwa juzi, na zimechubuka kila mahali.

“Ungesema,” Sihaba alimwambia.

“Niliogopa utanirudisha.”

Sihaba aliuvua mtandio wake, akauchana vipande viwili, akaanza kumfunga mguu wa kwanza. Alitia fundo, akaangalia uso wa mama yake mkubwa.

“Linabana?”

Mama Mkubwa alifikiri. Hakuwa amezoea kuulizwa.

“Kidogo,” alisema. “Legeza.”

Sihaba akalilegeza.